Dagaa wa Siku Hizi Hawana Harufu

Mama yangu alianza kuwalalamikia dagaa kabla hajaulalamikia mwili wake. "Hawa dagaa wa siku hizi hawana harufu," alikuwa akisema, na sisi wote tuliitikia, kwa sababu mtu wa umri wake ana haki ya kuzilalamikia siku hizi. Baada ya dagaa ikafuata sabuni. Baada ya sabuni ikafuata kahawa, kisha mchaichai wa nyuma ya nyumba, ambao alisema umeharibiwa na mbolea ingawa hakuna mtu aliyewahi kuuwekea mbolea. Mimi nilimuunga mkono kwa moyo mmoja, maana kulalamika ni kipaji nilichorithi kwake. Nilimwambia hata vitambaa vya siku hizi ni bure kabisa, ukifua mara mbili gauni linakuwa dekio. Tulikaa kibarazani kwake, Musoma, tukavisema viwanda vyote mpaka chai ikapoa.

Ili mtu aelewe uzito wa maneno yake kuhusu dagaa, lazima niseme mama ni nani pale Mwigobero. Mwigobero ni mwalo wetu wa mjini, ambako mitumbwi inaleta samaki na dagaa kutoka vijiji vya ziwani, na mama amefanya biashara hapo tangu mimi sijazaliwa. Alitoka kwao Murangi akiwa msichana anayejua kuanika dagaa, akaolewa mjini, akaendelea na dagaa. Baba alipofariki akaendelea na dagaa. Tumesomeshwa na dagaa, tumevaa dagaa, na shuleni tulichekwa kwa kunuka dagaa, jambo ambalo mama aliliona ni wivu.

Sasa, dagaa mkavu akishaingia kwenye gunia, macho hayakusaidii sana. Juu wanawekwa wale wanaong'aa, chini anajua aliyefunga. Ubaya wenyewe ni mvua. Dagaa wakinyeshewa wakiwa wameanikwa, hata ukiwarudisha juani wakakauka kabisa, ndani wameshaanza kuvunda, na mtu atakuja kujua akiwa na sufuria jikoni. Mama alikuwa na namna yake. Aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akachomoa wachache wa chini, akawasugua katikati ya viganja mpaka vichwa vikachomoka, kisha akavileta viganja usoni na kufumba macho. Watu walinyamaza. Alipofumbua alisema neno moja kati ya mawili. "Chakula," na wanawake wakaanza kupakia. Au "Kuku," na gunia hilo lilienda kwa wanaotengeneza chakula cha mifugo, hata kama mwenye mali angeapa kwa mbingu na nchi.

Wanawake wa kutoka Bunda, Nyamuswa na Butiama walikuja Mwigobero na kusubiri neno hilo. Hakuna aliyemlipa kwa kulisema. Aliwapa tu, kama mtu anavyowapa wenzake moto wa kuwashia jiko. Aliyeliamini kuliko wote alikuwa rafiki yake wa Butiama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye mimi namwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja. Alipokuja Musoma alikula kwetu. Mama alipokwenda Butiama kwenye msiba au harusi alilala kwake. Walitaniana mpaka wageni wakadhani wanagombana.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Bunda mjini, na miili ya watu naijua kwa futi kamba. Kwa hiyo naweza kusema bila aibu kwamba dalili ya pili niliiona mimi, ila niliiona kama kosa la gauni. Nilimshonea mama gauni la sikukuu. Alipolivaa, upande wa kulia ulishuka. Nikalifumua, nikapunguza bega, nikalirudisha, likashuka tena. Mkono wake wa kulia ulikaa umekunjwa kidogo, umebana ubavuni, na alipotembea ule wa kushoto ulienda na kurudi wakati wa kulia ulikuwa umetulia tu kama umebeba pochi isiyoonekana.

"Nyoosha mkono, mama, unaniharibia kipimo."

"Mkono umenyooka. Wewe ndiye umekata vibaya."

"Mimi nakataga vibaya?"

"Basi kitambaa cha siku hizi."

Hapo tukapatana, tukakilaumu kitambaa.

Kisha kukawa na kidole gumba. Alipokaa ametulia, mikono mapajani, kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kusugua kidole cha shahada, taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayesugua dagaa mmoja. Tulicheka. Tulisema mama kazi imemwingia mpaka kwenye mifupa, sasa anapima dagaa hata kanisani. Mchungaji mwenyewe alimtania. Nadhani popote pengine duniani mtu angeuliza kidole hicho kina nini. Kwetu, mwanamke wa mwaloni anayesugua vidole ni mwanamke anayefanya kazi yake.

Halafu yakaja magunia yale. Ilikuwa msimu wa mvua, dagaa safi walikuwa adimu, na mzigo mkubwa ulishuka Mwigobero kutoka kisiwani. Mama aliingiza mkono, akasugua, akafumba macho. Walikuwepo wanawake wengi, na mama mdogo wa Butiama alikuwa mbele yao. Mama akasema, "Chakula." Wakapakia.

Kilichotokea Butiama nilisimuliwa baadaye. Mama mdogo aliwauzia wateja wake wa miaka yote, na mmoja alikuwa na wageni wa posa siku hiyo. Sufuria ilipochemka nyumba nzima ilinuka, wageni wakatoka nje, na mwenye nyumba akaja gengeni kwa mama mdogo na sufuria yenyewe mkononi, ikiwa na dagaa ndani, akawamwaga mbele ya watu. Nyamuswa walirudisha magunia. Bunda mimi mwenyewe niliyasikia sokoni kabla hata mama hajanipigia simu: dagaa wa Mwigobero wameoza, na aliyewapitisha ni yule bibi.

Wanawake wakamwendea mwaloni. Jinsi alivyowapokea ndiyo iliyomvunjia jina, kuliko hata dagaa wenyewe. Kama angepiga kelele, kama angelia, kama angeapa, wangemwelewa, kwa sababu Mwigobero watu wanagombana kwa sauti na kupatana kwa sauti. Lakini mama alikuwa ameanza kupoteza uso. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Uso ulikuwepo, ila vitu havikupita tena juu yake. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tumemwona hacheki kwa haraka, hakunji uso, anakutazama tu, na sauti yake imeshuka kama redio yenye betri zilizochoka. Wanawake wale wakamlilia hasara zao, naye akawatazama kwa uso ule ule, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikusikia kitu kibaya." Na wakati anasema, kidole gumba kilikuwa kinasugua.

"Mkavu wa macho," mmoja akasema. "Hana hata haya."

Ndipo maneno yakaota miguu. Wakasema mwenye mzigo alimpa kitu. Wakasema mkono wa kulia ndio mkono wa kupokelea, na mkono wake unatetemeka kwa sababu unamsuta. Mama mdogo hakusema lolote kati ya hayo, lakini hakuyakataa. Aliacha kuja kula kwetu, na alipokuja Mwigobero alinunua upande wa pili wa mwalo.

Mimi nilipanda basi la asubuhi kutoka Bunda, nikashuka Musoma, nikaenda mwaloni moja kwa moja nikiwa na mtoto mgongoni, nikawaambia wanawake wale yote niliyokuwa nayo moyoni. Nilisema vizuri sana. Haikusaidia kitu. Mmoja aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliniuma, "Sasa wewe tuambie. Pua ya mama yako inakosea?" Nikasema haikosei. Akasema, "Haya."

Mama hakuacha kwenda. Kila asubuhi alijifunga kanga, akaenda kukaa mahali pake, karibu na mizani. Mzigo ulipofunguliwa watu walikusanyika wakapima wenyewe, kila mtu na pua yake, wakikosea na kupatia. Hakuna aliyemgeukia. Kuna siku nilikaa naye na nikaona anainuka nusu gunia lilipofunguliwa, kwa mazoea, halafu akakaa tena. Niliumia siku ile kuliko nilivyoumia kwenye msiba wa baba, na sitaomba radhi kwa kusema hivyo.

Nilianza kumpeleka kupimwa kwa sababu nilimwona amekonda na anatembea kwa kuburuta mguu. Zahanati ya kwanza walisema malaria. Alikunywa dawa. Ya pili wakasema taifodi, na njia ya mkojo, na malaria. Alikunywa zote. Ya tatu mhudumu alimtazama, akanitazama, akasema, "Dada, huu ni uzee." Nilimwambia kwamba uzee una mikono miwili, mbona huu umeingia mkono mmoja? Alicheka tu na kuita mgonjwa anayefuata.

Kuna watu kanisani walitaka aombewe, na aliombewa, na mimi nilisema amina. Kuna jirani aliyetaka tumpeleke kwa mtu fulani ng'ambo ya Bunda, anayeona nani amemtupia nani. Huyo nilimwonyesha geti.

Mwishoni tulimpata daktari katika hospitali moja pale pale Musoma, msichana mwembamba mwenye viatu vya raba. Mama alipoingia, daktari hakushika kalamu. Alimtazama tu akitoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Mama alipokuwa anataka kukaa, akasema, "Shikamoo mama. Samahani, naomba urudi mlangoni, halafu uje tena."

Nikawaka. "Daktari, tumekaa foleni tangu asubuhi, halafu unamrudisha mlangoni?"

"Dada, nimeshaanza kumpima," alisema, bila kukasirika.

Kwa hiyo na mimi nikamtazama mama akitembea, kama mtu mgeni. Niliona hatua fupi. Niliona mkono ule uliobana ubavuni. Alipofika mlangoni na kutaka kugeuka, hakugeuka. Alijizungusha kwa vihatua vingi vidogo, kama mtu anayegeuka na ndoo iliyojaa maji kichwani. Nilimwona mama yangu wazi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Daktari alimshika kiwiko, akakikunja na kukikunjua. Wa kushoto ulikwenda vizuri. Wa kulia ulikuja kwa kukwamakwama. Akamwambia agonge kidole gumba na cha shahada kwa haraka, akifungua vidole kabisa kila mara. Vya kulia vilianza kwa kufunguka sana, vikafunguka kidogo, kidogo zaidi, vikaganda. Akampa karatasi aandike chochote. Mama aliandika "Dagaa wa Musoma ni watamu kuliko dagaa wote", na herufi za mwanzo zilikuwa za kawaida, ila za mwisho zilikuwa ndogo kama mbegu za ulezi.

"Sasa weka mikono mapajani, mama, unisimulie kazi yako."

Mama akaanza kusimulia, na kidole kikaanza kusugua. Daktari akanyoosha kalamu. "Nipokelee hii." Mama akanyoosha mkono na kidole kikatulia kabisa. Akairudisha, akapumzika, kikaanza tena.

"Hayo ni mazoea ya kazi," nilisema. "Ni kusugua dagaa. Yuko hivyo siku nyingi."

"Dagaa wanasuguliwa kwa vidole viwili?"

"Hapana. Kwa viganja vyote viwili."

"Na mkono ukiwa kazini unatulia, ukipumzika ndio unafanya kazi," alisema daktari.

Akauliza maswali ambayo niliyaona hayana uhusiano. Choo kinakuja kwa shida? Ndiyo, muda mrefu. Usingizini anapiga mateke, anaongea? Mama alisema mjukuu wake mkubwa alikataaga kulala naye, anadai bibi anagombana na watu ndotoni. Kisha daktari akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Na harufu, mama? Unazisikia vizuri?"

"Nasikia," mama alisema. "Ila vitu vya siku hizi havina harufu."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kichwa kikanigandia katikati.

Daktari alichukua kipande cha sabuni pale kwenye beseni la kunawia, ile nyekundu ya dawa ambayo nilikuwa nimeinusa tangu koridoni. Akamwomba mama afumbe macho, akamwekea mkononi. Mama akakisugua katikati ya viganja. Akavileta viganja usoni, macho yamefumbwa, kama nilivyomwona maisha yangu yote. Mimi nikanyamaza, kama tunavyonyamaza Mwigobero. Alikaa hivyo muda. Kisha akafumbua macho, akamtazama daktari, si mimi.

"Sisikii," alisema.

Daktari alitueleza ni ugonjwa wa Parkinson. Alisema ndani ya ubongo kuna mahali panapotengeneza kitu cha kuuendesha mwendo wa mwili, na kwa mama mahali hapo panakufa polepole. Alisema mara nyingi pua inatangulia, hata miaka mingi kabla ya mkono, na mtu hajui, kwa sababu harufu haikatiki kama umeme, inafifia. Nilitaka aandike vipimo. Akasema hakuna kipimo cha damu wala cha mkojo kitakachouonyesha. Picha ya kichwa, kama tungekwenda Mwanza, ingekuwa ya kuhakikisha hakuna kitu kingine kilichojificha. Ugonjwa wenyewe unatambuliwa hivi, kwa kumtazama mtu, kumgusa, kumuuliza, na kumpa dawa uone mwili unaitikiaje. Mwili ukiitikia, hilo nalo ni jibu. Hauponi, alisema, ila unatunzika, na mtu anaishi nao miaka.

Mama aliuliza swali moja. "Pua itarudi?"

"Mkono utaitikia dawa, mama. Na uso, na mwendo. Pua mara nyingi hairudi. Sitaki kukudanganya."

Nje, kwenye benchi, nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilimwambia sasa tuna ushahidi, twende mwaloni leo leo, tuwaambie wote, waje wakupigie magoti. Mama akasema, "Kwa hiyo kweli niliwalisha watu uozo."

"Hukujua, mama."

"Walikula kwa neno langu." Akafuta uso kwa kanga. "Usiende kusema. Mtu amesemwa amekula rushwa, halafu siku ya pili anasema naumwa, pua imekufa. Wewe ungeamini? Mimi nisingeamini. Watasema nimetafuta pa kujificha. Bora wanione mwizi kuliko mwizi mwongo."

Nilimwambia ni mkaidi. Akasema nimerithi wapi.

Vidonge vilianza kazi baada ya wiki chache. Mguu uliacha kuburuta. Kidole kilipungua. Daktari alisema avimeze kabla ya kula, na asivichanganye na samaki au nyama, kwa sababu vinazuia dawa isiingie vizuri. "Mimi?" mama akasema. "Nikae mbali na samaki?" Na nikauona uso wake ukicheka, kidogo, upande mmoja ukitangulia mwingine. Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia nguo kwenye kamba.

Lakini mwaloni aliendelea kukaa karibu na mizani bila mtu kumgeukia, na mimi si mtu wa kuvumilia. Siku moja nilifunga kibanda Bunda, nikaenda Butiama, nikamkuta mama mdogo gengeni kwake. Nilimwambia yote, kuanzia sabuni ya daktari mpaka gauni. Alinisikiliza huku anapanga mafungu ya nyanya.

"Mafua nayajua," alisema. "Mtu anaumwa mafua, hasikii. Yanaisha, anasikia. Lakini pua kufa yenyewe, mtu mzima anatembea, anakula, sijawahi ona."

"Mama mdogo, mimi nikudanganye?"

"Wewe unampenda mama yako. Hata mimi ningedanganya." Akainua fungu moja, akaliweka tena mahali pake. "Nitakuja kumwona."

Alikuja siku niliyokuwa Musoma na mtoto wangu wa mwisho. Alibisha hodi kama zamani, kwa kelele, na mama alisimama haraka mpaka akayumba. Mama mdogo alikuwa na mfuko wa salfeti uliofungwa. "Nimekuletea ndizi za nyumbani," alisema, akauweka chini kati ya viti vyao viwili, karibu na miguu.

Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Niliporudi na chupa ya chai, sikufika hata katikati ya mlango. Harufu ilinikamata puani kama kofi. Walikuwa dagaa waliovunda, dagaa wa kukatisha hamu ya chakula siku nzima. Nikataka kusema, mama mdogo akanitazama. Nikafunga mdomo. Nzi walikuwa wameanza kuzunguka mfuko.

Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Aliulizia watoto, ng'ombe, mgonjwa fulani wa jirani. Akamimina chai mwenyewe, mkono wake ukiwa umetulia vizuri. Kisha akaona miguu ya mgeni imebanwa, akainama, akauvuta ule mfuko upande wake mpaka ukagusa gauni lake.

"Kunjua miguu, ndugu yangu, umetoka mbali," alisema, akanywa chai.

Mama mdogo aliweka kikombe chini. "Dada. Ndani ya huo mfuko kuna nini?"

"Ndizi. Si umesema ndizi?"

Mama mdogo akaufungua. Mama akatazama ndani, akaona walivyokuwa, weusi, wameshikana, akaelewa. Mama mdogo alianza kulia, kwa sauti ile ile ya kuitia ng'ombe, mpaka mtoto wangu naye akaanza kulia.

"Umenipima," mama alisema.

"Nimekupima."

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia! Mimi wa kuambiwa na mtoto? Mimi?"

Mama akaufunga ule mfuko, akanipa niutupe, na nilipokuwa naondoka nao huku nimebana pua nilimsikia akisema, "Uliwaozesha vizuri. Uliwaloweka?" Mama mdogo akasema aliwaloweka, akawaweka juani, mume wake karibu amfukuze. Niliporudi walikuwa wanagombana kuhusu nani amekonda zaidi.

Walikwenda Mwigobero pamoja, na mimi nikafuata na mtoto mgongoni, maana nisingekosa jambo lile kwa lolote. Mzigo ulikuwa umeshashuka na wanawake wamezunguka magunia. Walipomwona mama mdogo amemshika mama mkono, wakasogea kidogo. Mama akafika kwenye gunia la kwanza. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akachomoa wachache wa chini, akawasugua. Akavileta viganja usoni na kufumba macho, na wanawake wale, waliomsema vile, nao wakanyamaza kwa mazoea.

Akafumbua macho. Akavinyoosha viganja mpaka chini ya pua ya mama mdogo.

"Nisaidie," alisema, kwa sauti kubwa kuliko zote alizotoa mwaka ule. "Mimi sisikii tena. Ni ugonjwa. Wale wa siku ile nilisema chakula na hawakuwa chakula, sikujua kama pua imekufa. Ukavu wao naujua kwa mkono, na mchanga naujua kwa jino. Harufu naomba mniambie ninyi."

Mama mdogo alinusa. "Chakula," alisema, huku machozi yanamtoka.

Mwanamke mmoja, yule aliyeniuliza kama pua ya mama inakosea, akasogea, akanusa viganja vya mama. "Chakula," alisema. Akafuata mwingine. Hakuna aliyeomba radhi, na mama hakutaka. Lakini gunia la pili lilipofunguliwa mmoja wao akasema, "Msubirini bibi," wakamsubiri.

Jioni tulikaa kibarazani. Mama alimchukua mtoto wangu, akampakata, akainamisha uso kwenye utosi wake, kama alivyofanya kwa watoto wangu wote, akafumba macho. Nilimtazama, na nikapiga hesabu ambayo sikuwa nimeipiga hata siku moja. Huyu wa mwisho alizaliwa sabuni ikiwa imeshaanza kulalamikiwa.

"Mama," nilisema, "huyu uliwahi kumsikia harufu?"

Hakuinua uso. "Hapana," alisema. "Nilikuwa nawakumbuka wenzake." Kisha akamgeuza mtoto, akanisogezea ule utosi. "Hebu niambie. Ananukiaje?"

Nilinusa. Nilitaka kusema kitu kizuri, maziwa, mafuta ya mgando, kitu cha kumfariji mtu. Lakini mtoto alikuwa ameshinda mwaloni mgongoni kwangu, na mama yangu hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu harufu.

"Ananuka dagaa," nilisema.

Uso wake ukafunguka wote, pande zote mbili kwa pamoja. "Basi huyu ni wangu," alisema, akamrudisha kifuani.